Nani Atasimama? Hadhira ya Taarab na Mambo Iliyoyataka

Historia ya taarab tunayoisoma mara nyingi ni historia ya waimbaji. Tunamjua Siti binti Saad, tunamjua Bi Kidude, na nyumbani wengi wetu tumelelewa na sauti ya Juma Bhalo, Shakila au Khadija Kopa, kutegemea wazazi wametoka Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam. Waliokaa mbele ya waimbaji hao hawatajwi. Wanaitwa "watu" tu, kama kwamba kazi yao ilikuwa kulipa kiingilio, kukaa na kupiga makofi.

Katika makala haya nataka tuwageukie hao watu. Swali langu ni hili: mtu aliyejipamba, akajitia manukato na kwenda kwenye taarab, alitarajia kupata nini? Nitajaribu kuonyesha kwamba matarajio ya wasikilizaji ndiyo yaliyoiunda taarab, na kwamba kila hadhira ilipobadilika muziki nao ulibadilika. Nitaonyesha pia kwamba tangu taarab ilipotoka kasrini hadi leo hadhira yake imekuwa na dai moja kubwa, nalo ni nafasi ya kujibu.

Nimechagua mada hii kwa sababu inatuhusu. Chama chetu huandaa usiku wa utamaduni, hualika waimbaji na hukodi ukumbi. Tunajua kupanga viti. Sina hakika kama tunajua viti vile viliwekwa kwa ajili ya nini.

Neno lenyewe

Taarab ni neno lililotokana na Kiarabu, tarab, yaani hali ya moyo kutekwa na muziki au ushairi mpaka mtu ashindwe kujizuia. Hebu tulitazame neno hilo vizuri. Halitaji ala, wala mtindo, wala mwimbaji. Linataja kinachompata msikilizaji. Kwa hiyo tangu mwanzo, jina la muziki huu limetolewa upande wa hadhira.

Katika nchi za Kiarabu, msikilizaji hodari ni yule anayejua wakati wa kunyamaza na wakati wa kupaza sauti. Mfano mkubwa ni Umm Kulthum wa Misri, aliyefariki mwaka 1975. Kwa miaka mingi maonyesho yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi yalirushwa na redio ya Cairo, na wimbo mmoja uliweza kuchukua saa nzima au zaidi. Urefu huo haukutokana na wingi wa beti. Wasikilizaji walimwomba aurudie mstari, naye akaurudia kwa namna nyingine, wakamshangilia, akaurudia tena. Ukisikiliza rekodi hizo leo utasikia watu wawili wanaoimba wimbo mmoja: yeye na ukumbi.

Masimulizi ya Unguja yanasema kwamba muziki huu uliletwa na Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na kwamba alimpeleka Mohamed Ibrahim huko Misri akajifunze kupiga kanuni. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi hadhira ya kwanza ya taarab yetu ilikuwa ndogo kabisa: Sultani, jamaa zake na wageni wake. Kilichotarajiwa kasrini ni heshima. Mgeni aone kwamba Unguja nayo ina muziki kama wa Cairo. Mtu wa kuridhishwa alikuwa mmoja, na jibu lililohesabika lilikuwa lake.

Wanachama na viti vyao

Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho mpaka leo kinahesabiwa kuwa kikundi cha taarab cha zamani kuliko vyote Unguja. Hapo hadhira ikapanuka. Hawa hawakuwa watumishi wa kasri. Walikuwa watu wa mjini waliokutana kwa hiari yao, wakajifunza ala, wakaimba kwa Kiarabu na wakaalika wenzao. Wapigaji na wasikilizaji walitoka katika mitaa ile ile na walijuana kwa majina.

Vyama vya namna hii vilijenga utaratibu wa usiku wa taarab ambao mpaka leo unaonekana Unguja. Usiku hufunguliwa kwa bashraf, yaani kipande cha ala peke yake bila mwimbaji. Udi, kanuni, fidla, nai na ngoma ndogo husikika zikijibizana. Kwa mgeni bashraf ni utangulizi mrefu tu. Kwa mwenyeji ni muda wa kukaa, kusalimiana kwa macho, kuona nani amevaa nini na nani hajafika. Kisha waimbaji hupanda mmoja mmoja, kila mtu na wimbo wake. Mwimbaji husimama ametulia. Hachezi wala harukiruki. Hadhira nayo hukaa imetulia, ikiyumba kidogo tu mabega.

Utulivu huo usitudanganye. Msikilizaji wa taarab anasikiliza shairi, na shairi la taarab kwa kawaida lina mizani na vina vinavyotabirika. Ukishasikia mstari wa kwanza unajua kina kinachokuja. Raha iko katika kungoja kuona mtunzi atakifikia kwa neno gani. Kwa hiyo hata aliyekaa kimya alikuwa kazini: alikuwa anapima. Mtunzi aliyeivunja mizani alijulikana usiku ule ule, na asubuhi mtaa mzima ulikuwa na habari.

Siti na hadhira ya Ng'ambo

Mabadiliko makubwa yalikuja na Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba katika familia maskini, akauza vyungu, na mwaka 1911 akahamia mjini. Shaaban Robert ameandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho baadhi yetu tumekisoma darasani. Siti alialikwa kuimba kwenye majumba ya wakubwa, na alijua kuimba kwa Kiarabu na Kihindi. Lakini aliishi Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikoishi wengi waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Hadhira ya Ng'ambo ilitaka jambo ambalo kasri halikulitaka. Ilitaka kusikia habari zake yenyewe, kwa lugha yake yenyewe.

Mwanahistoria Laura Fair ameeleza katika kitabu chake Pastimes and Politics (2001) jinsi nyimbo za Siti na wenzake zilivyotokana na mambo ya mitaani: kesi za mahakamani, wakubwa waliotumia vibaya fedha, wanaume waliowatendea wanawake ubaya. Wimbo wa Kijiti ni mfano unaokumbukwa sana. Unahusu mauaji ya mwanamke, muuaji aliyetoroka, na adhabu iliyowaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Watu waliousikia waliijua kesi hiyo. Hawakuhitaji kuelezwa. Walichokihitaji ni mahali pa kukusanyika na kusikia hukumu nyingine, ya mtaa, ikitolewa kwa vina mbele ya watu.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri za HMV. Tukio hili husimuliwa kama ushindi, na kweli lilikuwa ushindi: sauti ya mwanamke wa Fumba ikafika popote palipokuwa na gramafoni na Mswahili. Kwa mada yetu, hata hivyo, kuna jambo jingine la kuzingatia. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua kama dakika 3 tu. Wimbo ambao usiku wa Ng'ambo ungerefuka kwa kadiri watu walivyotaka, ulikatwa ukatoshea ndani ya santuri. Hapakuwa na mtu wa kuomba mstari urudiwe. Hapakuwa na mtu wa kuinuka.

Santuri hizo ndizo ushahidi wetu mkuu wa sauti ya Siti, na tunashukuru zipo. Lakini tunapozisikiliza tukumbuke kwamba tunasikia nusu ya tukio. Nusu nyingine ilibaki Unguja, imekaa sakafuni nyumbani kwa Siti.

Kutunza

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Aliyewahi kuhudhuria harusi ya pwani ameliona. Wimbo unaendelea. Mwanamke anainuka kutoka kiti chake, noti mkononi, anatembea polepole kwa mwendo wa muziki mpaka mbele, anamkabidhi mwimbaji, anazunguka na kurudi alikokuwa. Hilo huitwa kutunza. Kwa Kiswahili kutunza ni kumpa msanii zawadi, na pia ni kuangalia kitu kisiharibike. Maana zote mbili zinafaa hapa.

Mgeni akiona hudhani kwamba mama huyu ameupenda wimbo, basi. Inawezekana. Lakini mwenyeji anaangalia mambo mengi zaidi. Ameinuka kwenye ubeti gani? Kama mwimbaji alikuwa anamsifu mpenzi mwaminifu, basi mtunzaji anatangaza mapenzi yake. Kama ubeti ulikuwa unamsema jirani mwenye kijicho, basi jirani yupo humu ukumbini, na watu watamtafuta kwa macho. Ameshika noti vipi? Aliyeikunja kiganjani anatoa shukrani. Aliyeiinua juu na kuipunga anataka aonekane. Amepita wapi? Njia fupi kutoka kiti chake hadi jukwaani ingekuwa hatua kumi, lakini yeye amezunguka mpaka meza ya mbali, akapita mbele ya mtu fulani, ndipo akaelekea mbele. Hajasema neno hata moja, na ukumbi mzima umeelewa.

Mtafiti Kelly Askew, aliyefanya utafiti wake Tanga na kuandika kitabu Performing the Nation (2002), anaonyesha kwamba kutunza ni njia ya kuendesha ugomvi na kutafuta suluhu. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayeweza kushikwa. Mtunzi atasema ameandika kuhusu ua au ndege. Mwimbaji atasema ameimba alichoandikiwa. Mtunzaji atasema ameupenda wimbo. Aliyesemwa akilalamika, atakuwa amekiri mwenyewe kwamba wimbo ni wake. Mafumbo ya ushairi na ukimya wa mtunzaji vinafanya kazi pamoja, na pasipo na mmoja wao mwingine hauna nguvu.

Hapa ndipo tunapoona jinsi matarajio ya hadhira yalivyoliumba umbo la muziki. Kiitikio hurudiwa mara nyingi. Baina ya beti ala hupewa nafasi ndefu. Mwimbaji husimama pale pale, mkono mmoja huru. Mtu asiyeijua hadhira atasema nyimbo hizi ni ndefu kupita kiasi. Anayeijua anafahamu kwamba mama aliyekaa nyuma kabisa anahitaji muda wa kuamua, kuinuka, kuzunguka na kufika kabla ubeti wake haujapita.

Bibi yangu alikulia Unguja. Nilipomwuliza alikuwa akienda kwenye taarab kusikiliza nyimbo gani, aliniambia kwamba nyimbo alikuwa nazo redioni. Alichokuwa akitoka nyumbani kukitafuta, alisema, ni kuona nani atasimama. Nimesoma vitabu vizuri kuhusu taarab, na bado jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Mashindano na mipasho

Jambo jingine ambalo hadhira ya pwani imelitaka kwa muda mrefu ni mashindano. Hili ni la zamani kuliko nyimbo za mipasho. Katika ngoma ya beni, mwanzoni mwa karne ya 20, miji mingi iligawanyika kati ya Marini na Arinoti, na kila upande ulijitahidi kuupita mwingine kwa mavazi, nyimbo na karamu. Wanawake walikuwa na vyama vyao vya lelemama vilivyoshindana kwa namna hiyo hiyo. Katika muziki wa dansi Dar es Salaam iligawanyika kati ya mashabiki wa Msondo na wa Sikinde, na mpaka leo wazee hawajapatana. Mtu hakwenda kusikiliza bendi tu. Alikwenda akiwa na upande.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, taarab Unguja iliingia chini ya mkono wa serikali na chama tawala, na vikundi kama Culture Musical Club viliimba katika sherehe za taifa. Huko Tanga, vikundi kama Black Star, alikoimba Shakila, viliingiza gitaa na mdundo wa kuchezeka. Lakini mlipuko ulikuja Dar es Salaam katika miaka ya 1990.

Wakati huo vikundi vya sanaa vilitoa maonyesho marefu ya kila kitu: ngoma, maigizo, sarakasi, dansi na taarab. Kimojawapo kilikuwa Muungano, kilichoongozwa na Norbert Chenga. Mwaka 1992, mwaka ule ule Tanzania iliporudisha vyama vingi, ilizaliwa Tanzania One Theatre, yaani TOT, ikiongozwa na Kapteni John Komba na ikiwa upande wa CCM. TOT ilikuwa na Khadija Kopa. Muungano ilikuwa na Nasma Khamis, maarufu kwa jina la Kidogo. Vikundi vikaanza kujibizana kwa nyimbo: wiki hii huyu anapasha, wiki ijayo yule anajibu. Wanawake wakajaa kumbini, na sehemu ya taarab ikavipita vipande vingine vyote kwa kupendwa.

Mipasho ililiondoa pazia la mafumbo. Kilichokuwa kikisemwa kwa ndege na maua sasa kilisemwa waziwazi. Watu wa taarab ya zamani walisikitika, na bado wanasikitika. Wanasema lugha imeharibika na kwamba vinanda vya umeme vimefukuza fidla. Sitaki kuwapuuza. Wimbo unaomwumbua mtu kwa sura yake au kwa kukosa mtoto ni ukatili, hata kama una vina, na hadhira inayoudai wimbo huo inashiriki katika ukatili. Kudai kujibu hakumfanyi mtu kuwa mwema.

Hata hivyo, kwa upande wa historia, mipasho haikuwa kitu kigeni. Ilikuwa ni dai lile lile la Ng'ambo na la harusi za Tanga, limepewa vipaza sauti. Hadhira ilitaka kuwa ndani ya wimbo. Chama cha siasa nacho kililielewa jambo hilo mapema. Wanawake waliojaa ukumbini kumsikia Khadija Kopa akimjibu mpinzani wake walikuwa pia mbele ya kikundi kilichoimba sifa za CCM, miaka michache kabla ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1995. Anayejua hadhira inataka nini anaweza kuipa hicho, kisha akaongeza na chake.

Ukimya una historia yake

Huenda mtu akaniuliza: je, kusikiliza kwa utulivu si heshima? Hapa Uingereza tumefundishwa hivyo tangu shule. Unakaa, unazima simu, unakohoa kati ya vipande na unapiga makofi mwisho. Anayeinuka katikati ya wimbo ni mtovu wa adabu.

Jibu langu ni kwamba ukimya huo nao ni desturi iliyotengenezwa, na wala si ya zamani sana. Katika karne ya 18, watu wa Ulaya walikwenda kwenye opera kula, kuongea, kutembeleana na kuangaliana. Mwaka 1778, Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfonia yake, kwa sababu alikuwa ameweka kipande alichojua kitawafurahisha. Yaani naye aliitunga kwa kuihesabu hadhira. Ukimya tunaoujua uliimarika katika karne ya 19, muziki ulipoanza kutazamwa kama kitu kitakatifu na msikilizaji kama mwanafunzi.

Sisemi kwamba desturi hiyo ni mbaya. Inafaa muziki uliotungwa kwa ajili yake. Tatizo linakuja taarab inapowekwa juu ya jukwaa la ukimya. Tangu miaka ya 1980, vikundi vya Unguja vimekuwa vikirekodiwa na kualikwa Ulaya, na tangu 2004 tamasha la Sauti za Busara limewaleta wageni wengi Ngome Kongwe. Hayo yamewapa wanamuziki kipato na heshima, na Bi Kidude alipata tuzo ya WOMEX mwaka 2005 kutokana na njia hiyo. Lakini wageni wengi waliokaa mbele yake hawakuelewa maneno. Walitarajia sauti ya kale na umri wa ajabu. Wao hawakuweza kuinuka kwenye ubeti unaowahusu, kwa sababu hapakuwa na ubeti unaowahusu. Mwimbaji mbele ya hadhira ya namna hiyo hufupisha kiitikio. Ana haki. Hakuna anayekuja.

Sisi huku

Sasa nirudi kwetu. Watoto wa Waswahili tuliokulia ng'ambo tumekaa katikati ya hadhira hizi mbili. Katika harusi za hapa nimeona mama zetu wakitunza kwa noti za pauni 5, wakizunguka meza kama vile wako Mikunguni au Majengo. Ukumbi ni wa kukodi, muziki unatoka kwenye kinanda na kompyuta, na saa sita kasoro mwenye ukumbi anawasha taa zote. Bado wanajibu. Na nimeona sisi vijana tumekaa pembeni, simu juu, tunapiga video. Tunadhani tunahifadhi utamaduni.

Video hizo zitabaki, kama zilivyobaki santuri za Bombay, na zitakuwa na upungufu ule ule. Zitaonyesha mwimbaji. Mjukuu wetu akiziangalia hataona mama aliyezunguka meza ya mbali wala hatajua kwa nini.

Usiku wa utamaduni uliopita tulialikwa na idara moja kutumia ukumbi mzuri wenye viti vilivyofungwa sakafuni kwa safu ndefu, na ngazi za jukwaa zilizozuiwa kwa kamba kwa sababu za usalama. Mwimbaji aliimba vizuri. Wazee walioalikwa walikaa kwa adabu mpaka mwisho, noti zao mikobani. Baadaye mama mmoja aliuliza kama wanafunzi hawakuupenda wimbo, maana hakuna aliyesimama. Tulikuwa tumeupenda sana. Tulinyamaza kwa heshima, na heshima yetu ikafika kwake kama baridi.

Kwa hiyo nina mapendekezo kwa kamati, yanayotokana na historia niliyoieleza. Tuchague ukumbi wenye sakafu tambarare na viti vinavyosogea, tuache njia pana katikati na tusizuie mbele. Ukumbi wa kanisa au wa jumuiya ya mtaa utafaa kuliko jumba la tamasha. Tusiibane taarab ndani ya dakika kumi kati ya maonyesho ya mavazi na chakula. Mwimbaji apewe saa nzima, na bashraf ipigwe hata kama kinanda ni kimoja, ili watu wapate muda wa kukaa na kuonana.

Tuchapishe beti kwenye karatasi, kwa Kiswahili, na maneno magumu yaelezwe chini. Fumbo lenyewe tusilifumbue. Tukiandika kwamba "ndege" hapa ni mwanamume asiyetulia, tumeshamnyima msikilizaji kazi yake. Walimu wetu wanaweza kutusaidia kwa kuusoma wimbo mmoja darasani wiki moja kabla, kwa mizani na vina vyake, ili usiku ule tujue kungoja kina.

Na tuwaulize wazee wetu watufundishe kutunza. Ni ujuzi, kama kusoma. Unajifunza kusikia ubeti unaokuhusu, unajifunza lini uinuke, unajifunza kupita bila kukimbia. Mwaka wa kwanza tutakosea hatua na watatucheka. Hilo nalo ni jibu, na ni zuri kuliko makofi ya mwisho.

Taarab imepita kasrini, Ng'ambo, Bombay, Tanga, kwenye kumbi za Dar es Salaam na Ngome Kongwe, na kila ilipopita ilichukua umbo la watu waliokaa mbele yake. Huku kwetu pia itachukua umbo letu. Tukikaa kimya itakuwa fupi na ya kutazamwa. Basi mwaka huu, mkimwona bibi anainuka kutoka kiti chake na noti mkononi, mpisheni njia, na mmoja wenu amfuate.